Mama Alinishtaki Kanisani Kabla Sijaimba Hata Mstari Mmoja

"Huyu hapa. Mtengeni."

Aliyesema hivyo hakuwa adui yangu. Alikuwa mama yangu mzazi.

Alisimama mbele ya baraza la wazee wa kanisa, kanga mabegani, kidole kimeninyookea mimi, mwanaye wa pekee. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Jamani, hiki kisa nimekiandika na kukifuta mara nyingi. Leo nakimaliza, na atakayenuna anune.

Ilikuwa Jumapili, mwaka tisini na nne, hapa hapa Mwanza. Mimi Dorotea, wengi mnanijua kama Doro, nilikuwa binti wa kwaya. Mama yangu, Evelina, alikuwa mwalimu wa kwaya hiyo hiyo, na pia mzee wa kanisa.

"Amefanya nini?" mchungaji akauliza.

"Amekubali kuimba nyimbo za dansi. Za baa. Kwa ajili ya sinema."

"Ameshaimba?"

"Bado. Anaimba kesho."

Wazee wakatazamana... Nani anamshtaki mtoto wake kwa kosa la kesho?

Pale barazani alikuwepo Mama Malimi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, naye mzee wa kanisa. Umbea ndio ulikuwa uji wake wa asubuhi, kwa hiyo nilitegemea afurahi. Cha ajabu, alinuna kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

"Dorotea, ni kweli?" mchungaji akaniuliza.

"Ni kweli."

"Utaacha?"

Nikamwangalia mama. Hakukwepesha macho.

"Siachi."

Basi hukumu ikatoka. Miezi mitatu nisiguse meza ya Bwana. Kwaya hakuna. Nikae benchi la nyuma, karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa.

Nje nilimwambia mama neno moja tu.

"Asante."

Wanaoijua asante ya namna ile watakuwa wamenielewa. Nikaenda nyumbani Mabatini, nikafungasha nguo, nikahamia kwa rafiki yangu Selina, Kirumba.

Sasa niwaeleze hiyo sinema.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguka. Mitumba imejaa, viwanda vya samaki vinajengwa ziwani, na kila mwenye wazo na mfadhili alikuwa bosi. Ndipo akaja jamaa kutoka Dar, Alexander, anatengeneza sinema kuhusu mwaka wa uhuru. Alitaka zile nyimbo za bendi walizochezea wazazi wetu, lakini ziimbwe upya na vijana. Yaani sisi, tuliokuwa tunashinda na kaseti za Wakongo na rapu.

Alitupima waimbaji wengi. Mwisho tukabaki wawili, mimi na Selina. Wimbo mkubwa kuliko zote, "Meli ya Jumamosi", nikapewa mimi kwa sababu nilisema naujua.

Na nilikuwa naujua kweli. Mama aliuimba tangu nikiwa mdogo, akimenya ndizi, akidhani yuko peke yake. Nikitokea tu, anahamia kwenye tenzi. Sikuwahi kujiuliza mwalimu wa kwaya aliutoa wapi wimbo wa dansi. Akili za utoto hizo.

Kwangu ule wimbo ulikuwa mlango. Nikiuweza, jina langu linaingia kwenye sinema na kwenye kaseti, na mimi natoka kwenye kuuza mitumba. Nikiushindwa, nimeshatengwa kanisani bure.

Jumapili ile jioni Selina alikuwa anakaanga dagaa.

"Doro, mimi sikuombei mabaya," akaniambia bila kugeuka. "Ila ukishindwa kesho, mimi nipo."

Nikala dagaa wake kimya kimya. Yaani aliyenipa nusu ya godoro ndiye huyo huyo anayesubiri nianguke.

Asubuhi tukaenda studio.

Msije mkadhani studio kama za sasa. Kilikuwa chumba nyuma ya duka la kurekodia kaseti, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani. Lori la samaki likipita kutoka soko la Mwaloni, kila kitu kinasimama mpaka lipite.

Kwenye kiti alikaa Mzee Machibya na gitaa lake. Yeye ndiye alikuwa amebaki Mwanza katika ile bendi ya mwanzo iliyorekodi wimbo wenyewe. Alexander alimwita asimamie muziki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Tuanze."

Gitaa likaanza. Nikafumba macho. Nikaimba.

Kuna kitu hakikukaa sawa. Gitaa lilikuwa linapanda, mimi nashuka. Linatulia, mimi ndiyo kwanza napanda.

"Simama, simama," Alexander akasema. "Unaimba nini?"

"Meli ya Jumamosi."

"Maneno ndiyo. Wimbo siyo. Rudia."

Nikarudia. Ikawa vile vile... Fundi mitambo akavua vile vya masikioni, akacheka mbele yangu bila hata kujificha.

"Selina, njoo wewe."

Selina akasogea. Alikuwa ameusikiliza kwenye santuri wiki nzima. Akaimba, na gitaa likakaa naye vizuri kama sufuria na mfuniko wake. Kila mtu akatabasamu.

Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Bosi," Mzee Machibya akasema taratibu. "Yule wa kwanza hajakosea."

"Mzee, muda hatuna."

"Nakwambia hajakosea. Anaimba sauti ya pili."



Mzee akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Kwenye santuri sauti ya pili haisikiki. Yule binti tulimsimamisha nyuma kabisa, mashine haikumpata. Hakuna mtu anaweza kujifunza sauti ile kwenye santuri. Nani kakufundisha?"

"Nilimsikia mama."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Evelina. Tunakaa Mabatini."

Akaweka gitaa chini, akashika magoti.

"Eva," akasema. "Kumbe Eva yupo hapa hapa mjini?"

Nyie... yule binti wa sauti ya pili ni mama yangu!

"Alikuwa na miaka kumi na saba," mzee akaendelea. "Alikuja kutoka Bukoba kukaa kwa shangazi yake. Santuri ilipotoka, majina yaliyoandikwa yalikuwa yetu sisi wanaume. Halafu mtu wa kanisani kwake akamwona ukumbini anaimba, akamshtaki. Akasomwa mbele ya usharika mzima. Walimtenga mwaka."

"Na ninyi mlifanya nini?"

"Sisi?" Akaangalia sakafu. "Sisi tulikuwa na dansi Jumamosi."

Alexander akapiga makofi mawili.

"Hadithi nzuri. Ila mimi nataka sauti moja, ya kwanza. Doro, kesho asubuhi. Ukija na hiyo hiyo, anaimba Selina, na jina linaloingia kwenye sinema ni la Selina."

Nilirudi Mabatini kwa miguu, hasira zimenijaa mpaka kooni. Aliyeungua ndiye anayejua moto, sivyo? Sasa huyu aliungua, halafu akauchukua moto ule ule akaja kunichoma nao mimi.

Nikamkuta uani, anamenya ndizi.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Umekula?"

Hebu ona mama huyu...

"Mzee Machibya anakusalimia."

Kisu kikasimama kwenye ganda.

"Walikutenga mwaka mzima, mama," nikasema. "Unajua inavyouma. Halafu na wewe ukanifanyia mimi. Kabla hata sijaimba."

"Ndiyo," akasema. "Kabla hujaimba."

"Kwa nini?"

"Punguza sauti." Akaelekeza kisu ukutani kwa jirani. "Mama Malimi alikuona Kirumba siku mnapimwa. Alikuwa ameshaandaa mashtaka. Angeyatoa Jumapili ile ile."

Nikasogea karibu.

"Mimi mzee wa kanisa, taratibu zetu nazijua," mama akaendelea. "Kesi ikiletwa na mtu wa nje ya familia, inasomwa mbele ya usharika wote. Unasimama katikati, wakubwa na watoto wanakukodolea macho. Na ni mwaka. Ikiletwa na mzazi, inaishia barazani, mlango umefungwa. Miezi mitatu. Na kosa moja halishtakiwi mara mbili."

Nikakaa chini pale pale, juu ya maganda ya ndizi. Kumbe lile kununa kwa Mama Malimi barazani... alikuwa amewahiwa!

"Si ungeniambia, mama?"

"Ungejua, ungeweza kunichukia vile mbele yao? Wale wazee si wajinga, mwana wange. Wangegundua tumepanga. Ilibidi unichukie kweli."

Machozi yakaanza kunitoka. Nilikuwa nimelala kwa watu, nimemwita majina moyoni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na yeye alijua nitamwita hivyo, akakubali.

"Sasa wimbo umeendaje?" akauliza.

"Nimeshindwa. Nimeimba sauti ya pili. Wao wanataka ya kwanza, na kesho ndiyo mwisho."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha uchungu.

"Ya kwanza niliijua kabla yao. Walinipa ya pili kwa sababu mbele alitaka kusimama mwanamume."

Akainuka. Akanawa utomvu wa ndizi mikononi, akajifuta kwa kanga. Akaimba.

Wadau, mimi nilimjua mama wa tenzi, wa kufundisha kwaya kwa fimbo ya kuhesabia. Huyu aliyesimama uani sikuwa namjua. Sauti ilitoka nzima, haina aibu, inapanda pale pale gitaa la Mzee Machibya lilipopanda. Nikaona kila nilipokosea. Nikaona pia kilichofungiwa ndani ya huyu mwanamke miaka yote ile, na moyo ukaniuma sana.

Upande wa pili wa ukuta, kinu cha Mama Malimi kikanyamaza.

Nikamshika mama mkono.

"Mama, anasikia. Atakushtaki."

"Anishtaki kwa lipi? Lile kosa nililipia mwaka mzima." Akarudi kukaa kwenye kigoda chake. "Na wewe adhabu yako umeshapewa. Sasa nenda kafanye hilo kosa lenyewe, na ulifanye vizuri. Haya, anza. Sauti ya kwanza."

Ndizi ziliungua jioni ile. Tulikula zikiwa zimeungua hivyo hivyo.

Asubuhi nilisimama mbele ya kipaza sauti, nikaimba sauti ya kwanza mara moja tu. Fundi hakucheka. Mzee Machibya akamwambia Alexander kwamba wimbo ule haujawahi kuwa wa mtu mmoja, na kama hataki sauti ya pili atafute mpiga gitaa mwingine. Basi nikamfundisha Selina sauti ya mama, pale pale, malori ya samaki yakipita. Majina yetu yote mawili yaliingia kwenye sinema. Rafiki yangu alikuwa ameniambia ukweli wake usoni, sikuwa na sababu ya kumnunia.

Mnadhani kisa kimeishia hapo, eh?

Jumapili iliyofuata nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma. Ndipo nikaelewa adhabu hasa ni nini. Si ile meza. Ni watu. Wenzangu wa kwaya wanapita, wanaangalia pembeni. Mabinti niliowasuka nywele wananiruka kama dimbwi la maji. Benchi lote nilikuwa peke yangu.

Wazee wa kanisa wakaingia kwa mstari, kama kawaida yao. Viti vyao viko mbele. Mama alikuwa wa mwisho.

Alipofika kwenye benchi langu, akasimama. Mstari ukaendelea bila yeye.

"Mama, kiti chako kile kule mbele," nikamnong'oneza.

"Nakiona."

"Watakuuliza."

"Mwaka ule nilikaa hapa, hakuna hata mtu mmoja aliyekaa na mimi. Sogea."

Nikasogea.

Akafungua kitabu cha nyimbo, akakiweka katikati yetu. Kwa miezi yote mitatu kile kiti chake cha mbele hakikupata mtu.

Ndugu zangu, wapo wazazi wanaoumiza watoto kwa ubaya tu, sitawadanganya. Lakini kabla hujafungasha nguo na kumwita mama yako msaliti, muulize kwanza alikuwa anakukinga na nini. Wengine wanakupiga kofi dogo hadharani ili usipigwe lile kubwa na wenye mikono mizito, halafu wanavumilia chuki yako bila kujitetea.

Mama bado yupo. Kama wako yupo pia, ukimaliza kusoma hapa mpigie simu.