Namba Iliyofunikwa na Tope

Kila siku akitoka shule, Karani alivua sare, akala chochote alichokikuta jikoni, kisha akavuka barabara kwenda gereji ya shangazi yake. Karani si jina alilopewa na wazazi. Waendesha pikipiki walimbandika jina hilo kwa sababu yeye ndiye aliyeandika oda zote za spea, kwa mwandiko mzuri kuliko wa baadhi ya walimu wake. Shangazi alikuwa fundi hodari, lakini mwandiko wake, kama alivyokiri mwenyewe, ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino.

Gereji ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu nyeusi kwa oili, na ilikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Namba ya injini haikusomwa kwa macho tu. Ulitakiwa kuisugua kwa brashi na mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, uikaushe, uweke karatasi juu yake, kisha upitishe penseli mpaka namba ijitokeze yenyewe kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo iliyopigwa picha na kutumwa kwenye duka la spea mjini.

"Macho yanadanganya, na mkono unadanganya," Shangazi alizoea kusema. "Penseli haijui kudanganya."

Jumanne moja Nesi alifika akisukuma pikipiki yake huku jasho likimtiririka. Kwa pikipiki hiyo alipeleka chanjo kwa watoto wa ng'ambo ya mlima. Shangazi aliifungua injini, akatoa vali, kijiti cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya hewa; ilikuwa imeungua na kupinda kama msumari uliong'olewa vibaya. Hata urefu wake haukupimika.

"Karani, chukua namba," alisema. "Pikipiki hizi zinafanana kama mapacha, lakini vali zao hazilingani. Ukichanganya, ndefu itagonga pistoni inapopanda."

"Ikigonga, Shangazi?"

"Ukienda polepole huenda usijue. Ukikaza mwendo, vali inakatika na injini inakwama papo hapo. Gurudumu la nyuma linajifunga, na aliye juu anarushwa." Shangazi alifuta mikono kwa tambara. "Nimewahi kumwokota mtu barabarani kwa sababu hiyo. Sitaki kumwokota mwingine."

Alijilaza chini kando ya pikipiki nyingine kuendelea na kazi. Wakati huohuo Kasuku, rafiki yake Karani asiyeweza kufunga mdomo hata darasani, alichungulia mlangoni.

"Wewe, mpira wa pete umeshaanza. Tumefungwa matatu na mfungaji wetu yuko huku ananusa oili."

"Dakika moja tu," Karani alijibu.

Namba ya injini ilikuwa chini, imefunikwa na tope lililokauka, unene wa kidole. Hiyo haikuwa kazi ya dakika moja. Lakini kwenye kifuniko cha pembeni kulikuwa na stika safi inayoonyesha aina ya injini, ikiishia na herufi D. Karani aliinakili. Hakujua kwamba kifuniko cha kwanza kilivunjika zamani, na kwamba hicho alichokiona kilitoka kwenye pikipiki nyingine.

"Karatasi ya penseli iko wapi?" Shangazi aliuliza akiwa bado chini.

"Imelowa mafuta ikachanika. Lakini nimenakili vizuri, herufi kwa herufi."

Uongo ulitoka bila kukwama hata kidogo. "Haya, tuma," Shangazi alisema.

Siku hiyo Karani alifunga mabao manne, na akasahau.

Vali ilifika Alhamisi, iking'aa ndani ya mfuko wake. Shangazi aliifunga kwa uangalifu. Ijumaa jioni alimwambia Karani aioshe pikipiki, maana Nesi angeichukua asubuhi. Karani alimwaga maji ndoo ya kwanza, akapiga brashi. Tope lilianza kubanduka vipande vipande, na chini yake namba ya injini ikatokea. Ilikuwa na herufi B.

Alisugua tena kwa kidole gumba, akitumaini kwamba B ingegeuka D. Haikugeuka. Nyuma yake Shangazi alikuwa akiimba kwa sauti ya chini huku akipanga spana. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Karani alifungua mdomo, akaufumba, kisha akafanya jambo ambalo hakulifikiria hata kidogo. Alichota tope sakafuni akaipaka ile namba mpaka ikapotea tena.

Asubuhi Nesi alikuja na sanduku la chanjo. Shangazi aliwasha injini, nayo ikanguruma. Ila ndani ya ngurumo hiyo kulikuwa na kitu kingine, kidogo sana. Tik. Tik. Tik.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Karani, masikio yako ni mapya kuliko yangu. Unasikia kitu?"

"Sisikii kitu," Karani alisema.

Shangazi alisikiliza tena, akatikisa kichwa kama mtu asiyeridhika. Alimwambia Nesi aende mwendo wa taratibu mpaka afike, maana vali mpya huhitaji kuzoea, na arudi jioni ili waisikilize tena.

"Nitakwenda kama bibi harusi," Nesi alicheka. Alifunga sanduku kwa kamba, akamgusa Karani begani. "Asante, mwanangu. Leo nina watoto arobaini wananisubiri, na wote wataniangalia kama adui."

Aliondoka. Ule mlio ulikwenda naye, ukafifia kwenye kona ya barabara, lakini masikioni mwa Karani haukufifia. Akilini aliuona mteremko wa ng'ambo ya mlima, mrefu, wenye changarawe, na daraja jembamba chini yake. Kila mtu aliujua. Hapo hakuna anayekwenda kama bibi harusi.

"Shangazi," alisema, na machozi yakamtangulia. "Ile vali siyo. Injini ni B. Niliagiza ya D. Sikusugua namba, nilinakili stika. Jana niliiona, nikaifunika."

Shangazi hakumgombeza, na hilo lilimtisha Karani kuliko kelele. Alichukua simu akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Alivuta kofia mbili ngumu ukutani, moja akamrushia Karani, akaiwasha pikipiki yake.

"Panda. Ukimwona, utamwambia wewe."

Walipita soko, wakapita kiwanda cha matofali, wakaanza kupanda mlima. Kwenye kila kona Karani alifumba macho kwa hofu ya atakachokikuta mbele. Mara mbili waliona pikipiki imesimama pembeni, na mara mbili haikuwa yenyewe. Mahali pamoja watu walikuwa wamekusanyika kando ya njia, na Karani akamkamata Shangazi kiunoni. Kumbe walikuwa wakipakua magunia.

Walimkuta kileleni. Alikuwa ameshuka ili akaze kamba ya sanduku kabla ya mteremko. Injini ilikuwa bado inaunguruma, na sasa ule mlio haukuhitaji masikio mapya. Tak. Tak. Tak.

"Zima," Shangazi alipiga kelele kutoka mbali. "Dada, zima hiyo."

Nesi alizima. Karani alishuka, akamweleza kila kitu, hata kuhusu tope. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeuka akautazama mteremko kwa muda mrefu.

"Mimi nina mtoto wa umri wako," alisema hatimaye.

Shangazi alimpa Nesi pikipiki yake mwenyewe, na chanjo zikaendelea na safari. Karani na Shangazi walitembea wakiisukuma ile ya Nesi mpaka gereji, na jua liliwachoma njia nzima. Mchana ule Karani alisugua namba mpaka chuma kikang'aa, akaitoa kwa penseli, akaandika oda mpya. Shangazi alifungua injini bila haraka, akatoa pistoni, akamwekea Karani mkononi.

Juu ya pistoni palikuwa na alama mpya ya nusu duara, kama ukucha uliokandamizwa kwenye sabuni. Ukingo wa vali nao ulikuwa umeanza kupasuka.

"Hapa ilikuwa inagonga," Shangazi alisema. "Bado kidogo tu."

Karani alishindwa kuinua macho. "Sitaandika oda tena, Shangazi."

"Utaandika. Ukiacha, utakuwa umejifunza kukimbia tu." Shangazi alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Sikiliza. Kukosea namba si ajabu. Mimi nimekosea mara nyingi, na hata Jumanne nilikosea, maana nilipaswa kuidai ile karatasi. Pia leo asubuhi nilisikia kitu, nikamwacha aende kwa sababu wewe ulisema husikii. Unaona? Sikufunga vali peke yake ndani ya injini ile. Nilifunga na neno lako."

Karani alilia, na Shangazi alimwacha alie.

"Kosa likisemwa, mafundi wawili wanakaa wanalirekebisha," aliendelea kwa sauti ya chini. "Likifichwa, halikai gerejini likitungoja. Linaondoka na mteja. Leo liliondoka na mama wa mtu, likampandisha mlima, na wewe ulilijua peke yako."

Alisimama, akachukua spana yake. Karani alibaki ameishika ile pistoni, akipitisha kidole juu ya alama.

"Umechelewa kusema," Shangazi alisema akiwa amempa mgongo, "lakini umesema. Ndiyo maana jioni hii Nesi atarudi kwao."