Ndoo ya Makombo

Kila asubuhi Mgeni alitandika kitanda, akasali, kisha akavuka ua kwenda kazini katika nyumba ya wazee. Sala yenyewe siku hizi ilitoka mdomoni tu. Alikuwa kijana mmisionari, ndiyo kwanza amemaliza shule, na kanisa lake lilimtuma nchi ya mbali kuwahudumia wazee. Siku ya kuondoka kwao alipigiwa vigelegele. Huku alifua mashuka, akapiga deki, akawalisha wasioweza kujilisha. Hakuwa na huzuni wala furaha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Na chakula, jamani! Hakujua hata kama ni kitamu au kibaya. Alitafuna, akatafuna, tonge likagoma kushuka. Tatizo ni kwamba mpishi, mama mnene wa mwili na wa sauti, alisimama mlangoni kuzikagua sahani zinaporudi.

"Mwanangu, nimekukosea nini leo? Mbona umebakiza?"

"Hapana, mama. Kitamu sana. Nimeshiba tu."

Uongo mtupu. Tangu siku hiyo, mpishi akigeuka, Mgeni alimimina chakula chake katika ndoo ya makombo ya kuku.

Aliyemfuma ni Fundi Saa. Mzee huyo alikuwa ametengeneza saa za mji mzima, lakini sasa mikono ilimtetemeka, hata kijiko kilimshinda. Mgeni ndiye aliyemlisha.

"Ahaa! Kumbe tuko wawili," mzee akanong'ona. "Hata mimi nimechoka kulishwa kama kinda. Mwaga na changu. Wewe nifichie, na mimi nitakufichia."

Mgeni alijua anapaswa kukataa. Lakini kukataa kulitaka nguvu, naye hakuwa nazo. Akamwaga nusu ya chakula cha mzee, na kesho yake nusu tena. Sahani zilirudi zikiwa tupu, na mpishi akajisifu hadi kwa muuza maziwa.

Kisha ikaja siku ambayo Fundi Saa hakutaka chochote, asubuhi wala mchana. Chakula chote kikaenda kwenye ndoo. Muuguzi akapita na sindano yake. Mzee alikuwa na kisukari, na dawa ile hushusha sukari, kwa hiyo huchomwa mtu aliyekula tu.

"Babu amekula?" muuguzi akauliza, kama alivyouliza kila siku.

"Amekula," Mgeni akajibu, na muuguzi akamchoma mzee sindano.

Baadaye Mgeni alikuwa akianika mashuka aliposikia kishindo cha kiti. Akakimbilia ndani. Fundi Saa alikuwa sakafuni, amelowa jasho, anatetemeka mwili mzima, na anamwita Mgeni kwa jina la marehemu kaka yake. Muuguzi alifika mbio na kumkalisha.

"Ningesema sukari imeshuka, lakini si amekula?" akasema. "Labda ni moyo. Ngoja nimpigie daktari."

Mgeni akaganda. Akisema kweli, atarudishwa kwao kwa aibu. Akinyamaza, mzee huyu atakufa mbele yake. Baada ya majuma mengi ya kutohisi kitu, hofu ilimuuma kwelikweli.

"Hakula!" akapiga kelele. "Tangu asubuhi hajala kitu! Nilimwaga. Nilikudanganya!"

"Sukari! Kimbia jikoni!"

Alirudi na kikombe huku mpishi akimfuata akihema. Muuguzi akamnywesha mzee maji ya sukari, funda baada ya funda. Polepole kutetemeka kukapungua na macho yakatulia.

"Umetusema?" Fundi Saa akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimetusema, babu."

"Umefanya la maana. Ningekufa na siri yetu."

Mpishi akamgeukia Mgeni. "Na zile sahani zako?"

"Nilikuwa namwaga, mama. Chakula hakishuki. Sisikii ladha. Sisikii chochote." Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta.

"Masikini mwanangu! Na mimi nilikuwa nakuongezea!"

Muuguzi akavuta kiti. "Nisikilizeni nyote wawili. Mimi napima dawa kwa maneno yenu. Uongo wako ulikuwa wa adabu tu, kijana wangu, lakini leo nimeuchoma mwilini mwa mtu. Ukishindwa, sema. Ukiumwa, hata kama ni moyo tu unaouma, sema. Hatuwezi kukusaidia kwa kitu unachotuficha."

Hakurudishwa kwao. Jioni hiyo alikaa na Fundi Saa, kila mmoja na sahani yake. Safari hii mzee alishika kijiko mwenyewe, na Mgeni akamshikia kiwiko. Mpishi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, mwanangu. Leo kikoje?"

Mgeni alitafuna, akameza. "Chumvi imezidi, mama."

Mpishi alitaka kukasirika. Akachota kijiko, akaonja, akakunja uso. Kisha akawageukia wazee waliojaa mezani.

"Na nyinyi wengine," akauliza, "mbona miaka yote hii mlikuwa kimya?"