Mkate wa Vidole Vitano

Mkate wa kwanza kutoka katika tanuri jipya ulikuwa na kasoro ndogo. Sabohat alikuwa ameugonga katikati kwa muhuri wa misumari wenye umbo la ua, kama alivyofanya maisha yake yote, lakini alipoubandua ukutani mwa tanuri alikuta ua la muhuri limefutika. Mahali pake palikuwa na vishimo vitano vidogo, vinne vimejipanga na kimoja kimejitenga kando.

"Leo paka amekusaidia kukanda, mama?" Munisa, mke wa mwanawe, alimtania. Alikuwa amekaa kizingitini na mtoto wake Behruz, wa siku kumi na mbili.

"Paka huyu hata panya wanamshinda, ataweza unga?" Sabohat alijibu, kisha akaula mkate ule peke yake, ungali moto, ukimchoma ulimi.

Alicheka, lakini moyo ulikuwa umemlipuka. Yeye alikuwa fundi wa matanuri, kama mama yake na bibi yake, na udongo wa tanuri hili alijua alikoutoa. Theluji ilipoyeyuka mwaka ule, mafuriko yalifukia shimo la udongo la kijiji. Akasukuma toroli hadi kilima cha Kuhnatepa, kwenye mji wa watu wa kale, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wameacha mtaro wao tangu vuli. Udongo wa pale ulikuwa laini, wa kunata, bila kokoto. Ndani yake kulikuwa na mifupa myembamba kama njiti za kiberiti, na kifuvu kinachoenea kwenye bakuli la chai. Hakujidanganya. Alijua ni mtoto. Safar, mlinzi wa makumbusho, alikuwa hatua mia tu kutoka pale, na angemwita angefunga mtaro. Kwa hiyo hakumwita. Aliiponda mifupa kwa jembe, akaikanda ndani ya udongo pamoja na manyoya ya mbuzi. Udongo ulitosha matanuri mawili: moja la uani kwake, la pili likapakiwa kwenye lori kwenda Sangin, kijiji cha mlimani, kwa bibi harusi wa huko.

Tangu siku ya mkate ule Behruz hakulia tena. "Mtoto mtulivu kweli," majirani walisifu. Siku ya tatu akakataa ziwa.

"Mama," Munisa alinong'ona, "nikimgeuzia huku, anageuka kule kwenye tanuri. Asubuhi alikuwa anacheka. Mtoto wa siku kumi na tano anacheka na nani?"

"Gesi tumboni," Sabohat alisema, akajichukia.

Adhuhuri, Munisa alipolala, alikwenda uani. Tanuri lilikuwa halijawashwa tangu juzi, lakini mdomoni mwake palinuka maziwa, maziwa ya mama, ya moto, yenye utamu unaokwama kooni, na alipoinama akasikia kutoka chini kwenye majivu sauti ya kunyonya, taratibu, kisha kikohozi kidogo cha mtoto aliyepaliwa, kisha mtu akimbembeleza kwa lugha ambayo hakuna aliye hai anayeijua, na kilichomtisha zaidi ni kwamba alielewa kabisa kuwa anayebembeleza ana furaha.

Alikimbilia makumbusho na aproni yake ya unga. Safar akamwashia taa.

"Dada Sabohat, miaka thelathini nakualika, leo ndiyo umekumbuka?"

Katika sanduku la kioo alilala kiubavu mwanamke wa mifupa, aliyetolewa kwenye mtaro ule, mkono wa kushoto umekunjwa kuzunguka nafasi tupu.

"Wanasema alikumbatia kitu," Safar alisema. "Labda nguo. Imeoza."

"Maskini," Sabohat akasema.

Jioni ile alimwita Bibi Robia, mganga. Bibi alifukiza mbegu za ispand, za kufukuzia majini, akasikiliza mdomoni mwa tanuri, akarudi amepauka. Sabohat akakiri habari ya mifupa mbele ya Munisa. Munisa alimkumbatia mtoto, akasogea hadi ukutani.

"Mama wa mtoto yule alikufa naye mikononi," Bibi Robia alisema kwa sauti ya chini. "Jini akabaki akimlea huko chini. Umemtoa mtoto, jini naye ametoka, na sasa amepata aliye hai. Rudisha chote ulichochukua. Ni tanuri moja tu?"

Sabohat alimtazama Munisa, na jinsi Munisa alivyomtazama. Hakuweza kulitaja la pili.

"Moja tu."

Walilivunja tanuri kwa shoka, wakabeba vigae hadi makumbusho. Safar alifungua kioo. "Nitafukuzwa kazi, dada."

"Nitasema nilivunja mimi."

Sabohat alipopanga vigae ndani ya mkono ule uliokunjwa, ukumbi mzima ulinuka maziwa, kisha harufu ikakatika. Nyumbani, Behruz alikuwa akilia kwa njaa, na Munisa akilia naye.

Behruz alipotimiza siku arobaini walialika watu. Mwanamke mmoja alishuka kutoka Sangin na kifurushi cha kitambaa.

"Fundi, nimekuletea mkate wa tanuri lako mwenyewe. Na sisi tumejaliwa, mkwe wangu kajifungua Jumanne. Mtoto mtulivu kweli. Hajalia hata mara moja."

Sabohat alifungua kitambaa. Katikati ya mkate palikuwa na vishimo vitano, vinne vimejipanga na kimoja kando. Katika nyumba ile mkate haulazwi kifudifudi, hata mtu awe na hasira kiasi gani. Mtoto akikosea hupigwa kofi mkononi. Sabohat aliugeuza kifudifudi, akaufunika kwa viganja vyake viwili.

Munisa, upande wa pili wa chakula, aliacha kutabasamu. "Mama," alisema polepole, "mbona umeulaza hivyo?"

Mgeni alikuwa bado anamsifu mjukuu wake.