Saa Zenye Jiwe la Duara Letu

Jua lilikuwa linazama nikimpelekea Bosi Magesa ugali na sato. Mimi ndiye mpishi wa wachimbaji wake wa dhahabu, huku Geita, njia ya Nyarugusu.

"Mwadila, Bosi."

"Mwadila, Mama Wema. Kaa. Nasikia siku hizi unasoma!" Akacheka. "Na uzee huo! Haya, nisomee hii."

Akanisukumia gazeti la wapenda saa la Dar. Nikasoma mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu:

"Toleo maalumu. Gazeti letu pamoja na mafundi saa wa Ulaya. Saa thelathini tu. Uso wa kila saa umekatwa kwenye jiwe la dhahabu la Geita. Madoa meupe ni ya asili."

"Jiwe langu hilo," akasema, akainua mkono. Saa ilikuwa hapo. "Wamenipa moja, ya shukrani."

Halafu nikasikia kitu kinagonga, ndani ya saa ile.

Ngo... ngo... ngo.

Chumba kikanuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa.

Kwetu machimboni, aliyefukiwa na kifusi anagonga mwamba kwa nyundo, mara tatu tatu. Wa juu akimjibu kwa kugonga, basi amekubali. Atachimba mpaka amtoe, mzima au maiti. Mume wangu, Donatus, alifukiwa mwaka juzi. Aligonga kutwa nzima. Bosi alisimama mdomoni mwa duara, shimo letu la kuchimbia, na panga mkononi.

"Asijibu mtu! Kazi itasimama."

Tukanyamaza. Mwishowe Donatus naye akanyamaza. Baadaye wachimbaji wakaingilia ubavuni mwa duara, wakatoa jiwe; Donatus hawakumtoa.

Jiwe hilo hilo.

"Inagonga hivyo kila siku. Fundi kaifungua, haina kosa," Bosi akanong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Haivuliki, mkanda umeingia kwenye nyama. Wewe ndiye mkewe. Mwambie anyamaze."

Nikainama. Kwenye jiwe la kijivu palikuwa na doa jeupe, lenye vitundu vidogo vidogo.

Nimepika supu miaka mingi. Mfupa uliokatwa naujua.

"Donatus?"

Ngo... ngo... ngo.

"Mwambie!"

Nikagonga kioo kwa ukucha. Mara tatu.

"Umefanya nini, mayu? Mama, umejibu?"

"Nimejibu."



Halafu zikaanza ngo nyingine. Hazikutoka mle chumbani. Zilitoka mbali, nyingi, nyembamba, kama mtu anayeita kwa kila kipande chake.

Bosi akaanza kulia kama mtoto. Nikatoa kisu cha samaki kwenye kapu, nikakifuta kwa kanga.

"Weka mkono mezani," nikamwambia. "Tuanze na kipande hicho ulichonacho."

Siku hizi nasoma kila gazeti la saa ninalolipata. Wenye zile ishirini na tisa zilizobaki wanapenda sana kupiga picha mikono yao. Na chini ya picha wanaandika majina, na mji wanamokaa.