Pasi Iliyomwagwa Makaa

Kila alipotoka shule, Pini alipitia kwanza kwenye kibanda cha mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Sentimita, maana hakuhitaji futi ya kamba. Alikutazama mara moja tu, ukiwa unapita zako na kikapu chako, akajua kiuno kimeongezeka kiasi gani. Wapo walioapa kwamba aliwahi kumpimia nzi suruali akiwa anaruka, na suruali ikamkaa vizuri. Hilo la nzi tuliache, lakini la viuno lilikuwa kweli tupu.

Jina la Pini alilitoa yeye. "Ni mdogo," aliwaambia wateja, "lakini mkalie uone."

Kazi ya Pini ilikuwa kufagia vitambaa na kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu mikono ya mjomba ilitetemeka. Zamani, kabla Pini hajaanza shule, mjomba aliugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti za watu wasiokuwapo, akawajibu. Tangu alipoanza kumeza kidonge kila jioni baada ya chakula, sauti zilinyamaza, akarudi kuwa Sentimita. Kilichobaki ni kule kutetemeka.

Dada yake, yaani mama yake Pini, ndiye aliyehakikisha kidonge kimemezwa. Lakini kiwanda cha mikate alikofanya kazi kilimhamishia zamu ya usiku, akamwita bintiye.

"Kuanzia leo jicho langu ni wewe," alisema. "Usitoke pale mpaka mjomba wako ameze. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Wiki hiyohiyo mwalimu wa kwaya alileta vitambaa vya sare na kola zake nyeupe. Pini naye alikuwa mwimbaji, kwa hiyo alizitazama kola zile nyeupe kwa tamaa. Mjomba alikaa, akaanza kushona, akajichoma kidole. Akajichoma tena. Tone la damu likaangukia kola mpya.

"Kidonge hiki kinanipepeta kama ungo," alisema. Jioni hiyo alikishika mkononi, akakitumbukiza kwenye kopo la vifungo. "Nakipumzisha kidogo, mpaka nimalize hizi sare. Mama yako usimwambie, ana mawazo mengi."

"Lakini mjomba, mama alisema nikutazame."

"Haya, nitazame. Naumwa?"

Pini alimtazama. Hakuumwa.

Asubuhi mama alirudi na unga kwenye nyusi. "Amekunywa?"

"Amekunywa."

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wa pili uliteleza. Wa tatu hata hakuusikia ukipita.

Siku zikasogea, mikono ya mjomba ikatulia. Jioni moja alitunga uzi mwenyewe kwa mara moja tu, akauinua juu kama mtu aliyevua nyangumi.

"Sasa umenifukuza kazi," Pini alisema.

"Nakulipa kiinua mgongo," alijibu mjomba, akampa kifungo kilichopasuka.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Pini akajiambia kwamba dawa ile haikuwa na kazi yoyote. Mbona mjomba hanywi na ni mzima kama kengele? Watu wazima, aliwaza, wana mambo mengi wanayoyafanya kwa mazoea tu.

Wiki zikapita, sare zikakaribia kwisha. Zilining'inia kwenye kamba kama wanafunzi waliojipanga mstari. Mjomba naye akapungua maneno. Mteja mwenye tumbo jipya alipita mlangoni, mjomba hakuinua hata macho. Siku nyingine alizima redio, kisha akaiambia inyamaze. Pini alicheka, akidhani ni utani. Mjomba hakucheka.

Halafu ikaja siku ambayo Pini alikuta mlango umerudishwa na cherehani kimya.

Kamba ilikuwa tupu. Sare zote zilikuwa chini, zimefumuliwa. Mikono peke yake, kola peke yake, marinda peke yake, na nyuzi zimejaa sakafuni kama nywele kwa kinyozi. Katikati alikaa mjomba, wembe mkononi.

"Pini," alinong'ona. "Funga mlango. Wameshonea sauti ndani ya mapindo. Nimefumua zote, sijazipata." Macho yake yakasimama shingoni mwa Pini. "Zimejificha kwenye kola yako. Njoo niifumue."

Aliunyoosha ule mkono wenye wembe. Haukutetemeka hata kidogo. Hicho ndicho kilichomshtua Pini kuliko yote: mkono ule alioufurahia, umetulia kama jiwe, unaelekea shingoni mwake. Aliishika kola yake kwa mikono miwili.

"Fundi mwenzangu," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Babu Soli, mshona viatu wa kibanda cha jirani. "Niazime wembe. Wangu umekufa na mteja ananingoja."

Mjomba aliukaza ule wembe mkononi. Lakini fundi hamnyimi fundi kifaa. Akautoa. Babu Soli aliutia mfukoni, akajikalisha sakafuni kati ya vitambaa kama mtu aliyekuja kupiga soga.

"Mjukuu wangu, kamwite mama yako," alisema polepole. "Tembea, usikimbie. Ukikimbia watu watajazana."

Walijazana hivyohivyo. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Si nilisema mimi? Kichaa ni kichaa tu."

"Na hiyo suruali uliyovaa," Babu Soli aliuliza, "kaishona nani?"

Kijana aliitazama suruali yake, akaondoka nayo.

Kule kliniki walikompeleka mjomba, muuguzi wa magonjwa ya akili aliuliza swali moja. "Dawa anakunywa?"

"Hajakosa hata siku moja," mama alijibu, bado macho yamemtoka. "Binti yangu anamsimamia."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Basi dawa hii imemshinda. Itabidi daktari ambadilishie, pengine ampe kali zaidi."

Akashika kalamu. Pini aliitazama ile kalamu ikishuka. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, mjomba atapewa dawa kali kwa ajili ya uongo wake.

"Vidonge vimo kwenye kopo la vifungo," alisema.

Mama aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Nini?"

"Hajanywa tangu tulipoanza zile sare. Nilikudanganya, mama. Kila siku."

Mama hakumgombeza. Alikaa kwenye benchi taratibu. "Haiwezekani," alimwambia muuguzi. "Wiki zote hizo alikuwa mzima. Nimekula naye, nimecheka naye."

"Hapo ndipo wengi wanapodanganyika," muuguzi alisema, akaiweka kalamu chini. "Dawa hizi hazitoki mwilini siku unayoacha. Mwili huzitoa kidogo kidogo. Nyingine huchukua siku kadhaa, na zile za sindano huweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Na zikishatoka, ugonjwa haubishi hodi siku hiyohiyo. Mtu anasema nimepona, kumbe anakula akiba."

"Na mikono?" Pini aliuliza. "Ilikuwa inatetemeka."

"Ni dawa iliyoitetemesha, na mngetuambia tungesaidia. Daktari anaweza kupunguza kipimo, au kuongeza dawa ya kutuliza huko kutetemeka. Lakini anapunguza yeye, si kopo la vifungo." Kisha akamsogelea. "Uongo wako umemuumiza mjomba. Ukweli wako umemwokoa na dawa asiyoihitaji. Vyote viwili ni vyako, vibebe."

Mjomba alilazwa, akarudishiwa dawa yake. Pini alilala akijua kesho atamkuta mzima. Kesho yake alikwenda mbio wodini, na mjomba aliitazama kola yake, si uso wake. Keshokutwa ikawa vilevile. Pini alilia njia nzima, maana hakuna aliyemwambia kwamba dawa nayo ina mwendo wake wa kuingia.

Sare zilishonwa upya na mama, mwalimu wa kwaya na Babu Soli, aliyetumia uzi wa viatu. Kola zile zingeweza kuvuka mto bila kufumuka. Mwimbaji mmoja alipewa mikono miwili ya kushoto, akaimba amejipinda, na wazazi wakadhani ni madaha.

Siku mjomba aliporudi kibandani, Pini alisimama mlangoni na kopo la vifungo.

"Nisamehe, mjomba."

"Mkubwa ni mimi," alisema. "Nilikutwisha mzigo usio wa kichwa chako. Weka hilo kopo, ulete pasi."

Alitia makaa kwenye pasi, akaiacha ipate moto, kisha akayamwaga yote. Akampa Pini shati. Pini akapiga, likanyooka.

"Makaa yako wapi?"

"Umeyamwaga."

"Mbona inanyoosha? Lete jingine." La pili lilinyooka nusu. La tatu lilibaki na makunyanzi yote. Mjomba akarudisha makaa. "Haya, piga sasa hivi."

Pasi ilikuwa baridi bado.

"Umeona," alisema mjomba. "Moto hauondoki palepale ulipomwaga, wala haurudi palepale ulipotia. Mimi nilikuwa pasi iliyomwagwa makaa, na nikajisifu kwa moto wa jana. Dawa haiachwi kwa sababu umejisikia vizuri. Anayejua lini na vipi ni daktari. Na siri ya ugonjwa, Pini, hata aliyekupa akiwa mkubwa kuliko wewe, haiwekwi. Nikikuomba tena unifichie?"

"Nitamwambia mama."

"Kabla sijamaliza kusema."

Akameza kidonge chake, akafunua kinywa na kuinua ulimi ili jicho la mama likague. Mikono ilitetemeka, ila si kama zamani, maana daktari alishapunguza kipimo. Akampa Pini sindano atunge.

Nje alipita yule kijana wa suruali. Mjomba aliinua kichwa.

"Wewe," alimwita, "kiuno kimeongezeka vidole viwili. Punguza maandazi au lete hiyo suruali niipanue."

Pini aliinamia sindano ili mjomba asione machozi yake, na uzi ukapita.