Akaunti ya Marehemu

Siku alipozikwa kaka yake Komba, ofisi ya ujasusi walikofanya kazi wote wawili ilifungwa nusu siku, kisha watu wakarudi kazini. Hakuna aliyeifunga akaunti yake ya kuingilia mifumo ya kazi.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini nani awe wa kumfuta marehemu? Kila mtu alimwachia mwenzake. Ndani yake mlibaki salamu za sauti alizomtumia mama yao kila aliposafiri, na ruhusa ya kufungua mfumo wowote wa taifa.

Mwezi uliofuata, marehemu akaingia kazini.

Komba alizifuata nyayo zake mtandaoni hadi jengo lisilo na kibao. Akapita mlango mzito wa kioo, akajikuta katikati ya makabati meusi ya seva, kwenye baridi ya kupenya mifupa. Zamani kila hospitali ilinunua kompyuta na programu zake, ikazifungia chumbani. Siku hizi hukodi vyote kupitia mtandao na kulipia inachotumia. Huduma hiyo watu huiita wingu. Wingu lenyewe ni vyumba kama hiki.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akachomoa Glock. Risasi mbili. Kioo kikaota chunusi mbili, basi.

"Usipoteze risasi, dada." Sauti ya mwanamume aliyeshiba ilitoka kwenye kipaza sauti cha darini. "Milango hii inamtii kaka yako. Leo kaka yako ni mimi."

"Kaka yangu hakuwa na sauti ya mbuzi."

"Endelea kutania, unamaliza hewa. Nimefungulia gesi ya kuzimia moto. Ukishalala, nafunga kumbukumbu za wagonjwa wote. Daktari akitaka kujua nani aongezwe damu gani, atanunua kwangu."

Gesi ikavuma. Komba alisukuma mlango kwa bega, kisha kwa teke. Wapi. Kuta zilikuwa zilezile, na kila pumzi ilikuja fupi kuliko iliyotangulia. Akapiga magoti, akampigia mkuu wa kitengo, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi.

"Shangazi, nimenaswa. Ni akaunti ya kaka."

"Naiona. Tukiifuta, anatupwa nje na milango inarudi kwetu. Akihangaika kurudi, tutajua alipo."

"Ifute."

"Sheria inataka watu wawili. Mimi nimeshabonyeza, bado wewe." Shangazi akashusha sauti. "Mwanangu, ikifutika, zile salamu nazo zimekwenda. Hakuna nakala."

"Mama huzisikiliza kabla hajatoka kitandani."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia kwanza."

Macho yalianza kuingia kiza. Juu, yule bwana alikuwa anapiga mluzi.

Komba akaweka kidole kwenye kioo cha simu.

Mluzi ukakatika. Gesi ikanyamaza. Mlango ukaachia, hewa ikamwingia kifuani kama maji kwa mwenye kiu.

Redio yake ya kazi ikakwaruza, mwenzake wa kitengo. "Tumempata, jengo la jirani. Ana soksi tu miguuni, na bado anabishana na kompyuta."

"Mpeni viatu," Komba akasema. Akairudisha Glock kiunoni, akatoka bila haraka.

Alimweleza mama yake jioni ileile, kabla hajaketi.

Siku hizi Komba hupita kwake kila asubuhi, akamsimulia kwa mdomo kaka alivyokuwa akimsalimu. Akikosea, mama humsahihisha.