Diski Isiyo na Maandishi

Diski ilitoka kwenye mashine ikiwa na majimaji, ikinuka nywele zilizoungua.

"Hebu njoo unuse," mume alimwita mkewe, fundi cherehani, aliyekuwa akipinda gauni la mteja sebuleni.

Alikuja, akanusa, akarudi nyuma. "Mashine yako inaungua, mume wangu. Izime."

Hakuizima. Mtaa mzima ulimwita Sinema, na jina hilo hakulipata bure. Chumba cha nyuma kilikuwa na diski elfu mbili za filamu, zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Cherehani ya mkewe ilihamishwa ili zipate nafasi. Sasa ukungu ulikuwa umeanza kuzila, naye alikuwa akizinakili kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Hiyo iliyonuka haikuwa na maandishi. Aliizoa pamoja na makasha ya marehemu fulani, ambaye ndugu zake walitaka yatoke haraka, hata asante hawakungoja.

Kesho yake kila filamu kwenye kompyuta ilionyesha kitu kimoja tu: chumba chao cha nyuma, na mwanamke aliyesimama akiwapa mgongo. Siku ya tatu alikuwa amegeuka nusu. Siku ya nne, jua likiwa utosini, mke alisikia mvumo huko nyuma, akakimbia, akasukuma mlango, akaona diski zikichomoka rafuni zenyewe na kuruka kama misumeno, zikikata pazia, zikipasua balbu, zikimchana mumewe mashavu na shingo naye amesimama wima anatabasamu, na alipomshika mkono amtoe, mume akamgeukia na kipande cha diski, akamchoma begani mara moja, mara mbili, akisema kwa sauti ya kike, "Usinizime. Bado sijaisha."

Mke alimtwanga stuli ya kichwa. Alipoanguka, akamfunga kwa vitambaa vya wateja, kisha akampigia simu shangazi wa mumewe, mkunga mstaafu aliyejulikana kwa kutoa majini.

Shangazi alifika, akapiga magoti, akamshika taya na kuanza kusoma. Jini lilimng'ata kidole hadi kikakatika. Hakuachia.

"Vunja hiyo diski," alinong'ona, jasho likimtiririka. "Kompyuta ipeleke uani, uichome."

Mke alivunja, akachoma. Moto ulipoishika kompyuta, mume alijipinda kama nguo inayokamuliwa, akatapika fundo la nywele nyeusi. Kabla ya kutoka, ile sauti ilicheka.

"Mmenitoa humu. Na huko kwingine?"

Kisha mume akafumbua macho, analia kwa sauti yake mwenyewe.

"Ulinakili mara ngapi?" mkewe alimuuliza, amemkaba ukosi.

"Mara mbili. Nyumba ikiungua je? Niliogopa kuweka zote mahali pamoja."

"Ya pili iko wapi?"

"Kwa dada yako. Nilimpelekea jana."

Mke alipiga simu, vidole vikiteleza kwa damu. Dada alipokea upesi, sauti yake haizidi pumzi.

"Nimejifungia chooni. Shemeji yako ana shoka. Dada, amenibadilikia, simjui."

Shangazi alikuwa tayari amesimama, akifunga kisiki cha kidole kwa kipande cha gauni.

"Mwambie asifungue," alisema. "Hata akisikia ni wewe unayebisha."